Siku Simu za Midia Zilipofungwa

Woga wa Muzamili ulijulikana kutoka Midia mpaka Oraba. Marehemu baba yake alikuwa askari, na ukiwaamini wazee wenzake, aliwahi kuvuka mito mitatu kwa siku moja huku ameuma bunduki kwa meno. Mwanawe akisikia tu mlango wa gari ukibamizwa, anakimbilia migombani. Watu walisema hata kivuli chake kilikuwa kinamtangulia kukimbia. Basi ajabu ya Mungu ni hii, kwamba mtu wa namna hiyo, katika kazi zote zilizotandazwa chini ya jua, alichagua magendo.

Biashara yenyewe ilikuwa hivi. Ng'ambo ya mpaka, Kaya ya Sudan Kusini, kampuni moja ya mtandao iliyoitwa Mlio ilikuwa inauza simu za kioo kipana kwa bei ya kuku wawili na jogoo mgonjwa. Urahisi huo ulikuwa na sababu. Simu zilitengenezwa na kampuni nyingine, jina lake Yunda, lakini Mlio ndiyo iliyozilipia nusu ya gharama, na kwa ajili hiyo ikazifunga zisipokee laini yoyote isipokuwa yake. Ukitia laini ya mtandao mwingine, simu inakutazama kama mke aliyeletewa mboga za juzi. Na upande huu wa mpaka Mlio haikuwa na mnara hata mmoja. Simu ya Mlio ukiileta Midia, ilifaa kujitazamia wakati wa kunyoa ndevu tu.

Muzamili alizinunua Kaya, akazipitisha kwenye mashamba ya mihogo, mbali na macho ya forodha, kisha akapanda nazo basi hadi Arua kwa fundi Ezati. Huyo Ezati alikuwa na kibanda kisichozidi kabati, na kompyuta yenye ufa. Ndani ya dakika kumi alikuwa ameifungua simu ikapokea laini yoyote ya Uganda.

"Lakini hawa wenye Mlio hawaoni?" Muzamili alimuuliza siku moja, akitazama nyuma kila neno la tatu.

"Wanaona."

"Sasa?"

"Sasa nini, ndugu yangu? Mlio anaona, lakini ufunguo uko kwa Yunda, maana Yunda ndiye aliyeijenga simu. Na Yunda anapenda simu yake itembee kila mahali, hata kwa shetani. Mlio anataka isitoke nje ya boma. Wanavutana. Mimi na wewe tunakula katikati."

"Nani ana nguvu?"

Ezati akapuliza vumbi kwenye simu. "Mwaka jana Yunda. Mwaka huu Mlio ana maduka mengi, anaweza kumwambia Yunda, nisaidie au nitauza simu za jirani yako. Siku hao wawili wakipatana, wewe utalia kwanza, mimi nitafuata."

Maneno hayo yalimkosesha Muzamili usingizi wa wiki nzima. Lakini woga wake ulikuwa na tabia moja, haukuwahi kumzuia kufanya jambo, ulimzuia kulifurahia tu. Akaendelea. Aliuza kwa jirani wa mashariki, akauza kwa jirani wa magharibi, akamuuzia mwalimu, muuza duka na waendesha bodaboda wote wa njia panda. Asiyekuwa na pesa ya kutosha alitoa simu yake ya zamani, zile ndogo za vibonye zenye tochi, naye Muzamili akaihesabu kama sehemu ya malipo. Hizo za tochi akazikusanya magunia mawili akawauzia wachimba dhahabu wa Kongo. Alijiona mjanja kuliko sungura. Kufikia msimu wa ufuta, ukitoa vyombo vya kupikia na majembe, hapakuwa na kitu Midia ambacho hakikupitia mikononi mwa Muzamili.

Mkewe Shamim alikuwa na mimba ya miezi tisa. Mama yake Shamim, Zuhurah, alikuwa ameshafika kutoka Koboko kumsaidia binti yake kujifungua, na kwa kufika kwake Muzamili alihamia jikoni. Ndiyo adabu ya kwao. Mkwe haingii chumba alimo mama mkwe, hamtazami usoni, na akiwa na neno analisema akiwa upande wa pili wa ukuta. Jambo hilo halikumsumbua, isipokuwa kwa kitu kimoja. Chini ya kitanda cha chumba hicho kulikuwa na gunia, na ndani ya gunia simu thelathini na saba, mpya, ambazo hazikulipiwa ushuru.

Ikafika Jumanne. Asubuhi, Muzamili alitoa simu yake mfukoni amwulize Ayiko, dereva wa bodaboda, atapita saa ngapi. Kioo kilikuwa na maandishi: *Simu hii ni ya mtandao wa Mlio. Weka laini ya Mlio.* Akaizima. Akaiwasha. Maandishi yale yale. Akatoka nje na kumkuta mwalimu barabarani ameinua simu yake juu kama mtu anayetafuta mvua.

"Wewe Muzamili, hii simu yako iko na ugonjwa gani?"

"Yangu pia, mwalimu."

"Ya mke wangu pia. Ya dukani pia. Jana usiku ilisema inataka kujitengeneza, nikabonyeza ndiyo. Kila mutu alibonyeza ndiyo."

Muzamili hakuhitaji kuambiwa. Wamepatana. Kwa usiku mmoja, watu wawili ambao hajawahi kuwaona, mmoja sijui China, mwingine sijui Juba, walipeana mikono juu ya kichwa chake, na Yunda akamkabidhi Mlio ufunguo. Akawaza majirani watakavyomjia na simu zao, akawaza polisi, akawaza kwenda Arua kumwona Ezati, akakumbuka kwamba Ezati alisema atalia wa pili.

Alikuwa bado anawaza alipoisikia sauti ya mama mkwe ikipasua ukuta wa nyumba.

"Baba Muzamili." Ndivyo alivyomwita kwa heshima. "Mtoto anakuja, lakini damu imetangulia. Hii damu si ya kawaida. Piga simu gari lije."

Muzamili akasimama nje ya dirisha, mgongo kwa ukuta. "Ni nyingi, mama?"

"Mimi nimezalisha wanawake kumi na wanne na sijaona hii. Piga simu sasa."

"Napiga."

Hakupiga. Angempigia nani, na kwa simu ipi? Kituo cha afya kilikuwa mwendo wa saa mbili kwa miguu. Bodaboda zote zilikuwa zimeenda Oraba, siku ya soko, na njia pekee ya kumrudisha Ayiko ilikuwa kumpigia, na simu ya Ayiko, aliyoinunua kwa nani, ilikuwa imekufa kama nyingine. Akakimbia kwa mwalimu. Imefungwa. Akakimbia dukani. Imefungwa. Akaenda kwa bibi kizee mmoja ambaye hakuwa hata na meno, akamwomba ile simu yake ya tochi.

"Si ulinichukulia," bibi akasema. "Ukanipa hii ya kioo. Nzuri, inaonyesha wajukuu."

Hapo ndipo alipolielewa jambo lote kwa ukubwa wake. Kijiji kizima hakikuwa na sauti, na sauti yake alikuwa ameiuza yeye, kwa mikono yake, simu baada ya simu, na zile ambazo zingeweza kumwokoa sasa zilikuwa Kongo zinawamulikia watu mashimo. Jasho lilimtoka hata masikioni. Akarudi nyumbani mbio, na njiani akasikia Shamim akilia, kilio kifupi, kisha kimya. Kimya kilimtisha kuliko kilio.

"Shamim," aliita dirishani.

"Yupo," akajibu mama mkwe. "Anasinzia. Sitaki asinzie. Gari iko wapi?"

Muzamili akaitoa simu tena, si kwa matumaini, bali kwa vile mkono wa mtu mwoga lazima ushike kitu. Na chini kabisa ya maandishi ya Mlio, kwa herufi ndogo kama sisimizi, akaona neno ambalo hakuwahi kulijali: *Dharura*. Mlio ilifunga milango yote, lakini huo haikuufunga, kwa maana simu yoyote duniani, hata isiyo na laini, huachiwa namba ya dharura ipite kwenye mnara wowote ulio karibu. Na Muzamili alijua vizuri namba hiyo inaita wapi. Inaita polisi.

Akaliangalia dirisha. Ndani ya dirisha kuna kitanda, chini ya kitanda kuna gunia. Angelitoa na kulitupa migombani, angepiga simu akiwa na moyo mweupe. Lakini kulitoa ni kuingia, na ndani yuko mama mkwe, na binti yake katika hali ambayo mwanamume haruhusiwi kuiona.

"Mama," akasema na ukuta, "chini ya kitanda kuna gunia. Naomba ulisukume nje."

"Gunia nimelitumia."

"Umelitumia vipi?"

"Nimemwekea chini ya miguu. Miguu ikiwa juu, damu inapunguza. Usiniulize mambo ya gunia. Nimekuuliza gari."

Akabonyeza. Simu ikaita mara mbili tu, Muzamili akiomba kwa nafsi moja ipokewe na kwa nafsi nyingine isipokewe.

"Polisi Koboko. Sema."

"Afande, mke wangu anakufa. Anajifungua, damu ni nyingi. Naomba gari."

"Uko wapi?"

"Midia."

"Midia ni kubwa. Kwa nani?"

Alitafuta jina lingine kichwani, akapata la rafiki, la adui, hata la mbunge. Lakini jina la uongo lingelipeleka gari kwenye nyumba ya uongo.

"Uliza njia panda," akasema taratibu, "kwa Muzamili wa simu."

Upande wa pili ikasikika kalamu ikiandika. "Muzamili wa simu," sauti ikarudia. "Sawa. Tunakuja."

Gari lilifika baada ya muda ambao kwake ulikuwa kama Ramadhani mbili. Pikapu, askari wawili. Mkubwa wao alikuwa Afande Tongun, mtu mrefu aliyeinama kwenye kila mlango. Waliingia ndani bila kumuuliza kitu, wakatoka wamembeba Shamim pamoja na godoro, uso wake umekuwa rangi ya majivu. Na chini ya miguu yake, mama mkwe akitembea kando na kulishikilia kama mtu anayebeba Kurani, lilikuwa lile gunia.

Njia nzima hadi hospitali ya Koboko, mama mkwe akiwa mbele kwa dereva, Muzamili alikaa nyuma ya pikapu akimshika Shamim mkono. Gari likiruka shimo, gunia lilikuwa linagongana ndani, tak, tak, na kila tak ilikuwa msumari. Afande Tongun alikuwa amekaa mbele yake, goti kwa goti, ameliegemeza gunia kwa mguu wake lisiteleze. Muzamili aliyatazama macho ya Shamim ili asiyatazame ya afande. Kisha macho ya Shamim yakafumba, na tangu hapo akawa hasikii tak yoyote.

Hospitali walimpokea, wakamwingiza, mlango ukafungwa. Gunia likabaki kwenye korido, juu ya saruji, limelowa damu upande mmoja. Afande Tongun akalisukuma kidogo kwa buti. Likalia.

"Hii ni mizigo ya nani?"

"Ni yangu," Zuhurah akasema upesi. "Nguo za mtoto."

Afande akachuchumaa, akafungua mdomo wa gunia, akatoa simu moja, ikiwa bado na karatasi yake ya dukani. Akaitazama, akamtazama mama yule mzee. "Mama, mtoto atavaa hii?"

"Nimesema ni yangu, mwanangu. Nichukue mimi. Mimi niko mzee, jela itanipumzisha."

Muzamili alikuwa mita mbili kutoka mlango wa nyuma. Nje ya mlango kulikuwa na ua, nje ya ua barabara ya Oraba, na mwisho wa barabara nchi nyingine. Miguu yake, ambayo haikuwahi kumkatalia kukimbia tangu azaliwe, ilikuwa tayari. Akasikia magurudumu ya kitanda nyuma ya mlango uliofungwa, na mtu akiuliza kwa haraka, mume wake yuko wapi, tunataka damu.

"Niko," akasema. "Na afande, gunia ni langu. Mama hajui kitu. Nitatoa damu kwanza, halafu unipeleke."

Afande Tongun akairudisha simu guniani. "Nenda."

Walimtoa damu, akazimia kabla mfuko haujafika nusu, wakamzindua, wakaendelea. Jua lilikuwa limeanza kulala muuguzi alipomwita aingie. Shamim alikuwa na midomo mikavu, lakini iliongea.

"Ni msichana," akasema. "Mbona unatetemeka?"

"Ni baridi."

Chumba kilikuwa cha joto kama tanuri. Mtoto alikuwa na ngumi mbili ndogo, nyekundu, amezikunja. Muzamili akazigusa kwa kidole. Dirisha la chumba lilikuwa chini, halina nondo, na mtu mwembamba angepita bila kuinama. Alilipima kwa macho, akajua linamtosha.

Akamwadhinia mtoto sikioni, akavuruga maneno mara moja, akarudia. Kisha akatoka kwa mlango, akaifuata korido yote hadi kwenye benchi. Afande Tongun alikuwa bado pale, daftari pajani. Akasogea kidogo, na Muzamili akakaa.