Wiki Kumi na Mbili kwa Moffat

Jumatatu saa mbili asubuhi Fowsia alipanda ngazi za jengo moja nyuma ya stendi ya Nyeri, akiwa na barua ya chuo, picha mbili za pasipoti na nakala ya kitambulisho. Alikuwa mwaka wa mwisho wa sanaa za maonyesho, na bila wiki kumi na mbili za mafunzo kazini hangehitimu. Shirika moja la Karatina lilimwambia kwamba hijabu yake itawasumbua kwenye dansi. La Nanyuki, kwao, lilikuwa limefungwa. Hili lililofunza vijana uigizaji ndilo pekee lililobaki.

"Wewe si wa huku," alisema Magdaline, karani, bila kuinua macho.

"Natoka Nanyuki."

"Na Nanyuki hakuna kazi?"

Mkurugenzi aliitwa Moffat. Alikuwa na umri wa miaka sitini na miwili, lakini uso wake ulikuwa wa kijana wa ishirini na minne, na kidevuni alikuwa na chunusi mbili mbichi. Ukutani zilitundikwa picha zake za kila mwaka tangu shirika lianze. Katika ya kwanza alikuwa na upara. Katika ya tano nywele zilikuwa zimerudi. Katika ya mwisho alikuwa amegeuza kofia nyuma mbele. Fowsia aliziangalia kama mtu anavyoangalia kalenda. Mjini ilijulikana kwamba wafadhili hawamtaki kiongozi wa vijana aliyepita thelathini na mitano.

"Igiza kitu," alisema Moffat.

Fowsia akaigiza mama anayemtafuta mbuzi wake aliyepotea mnadani. Katikati ya mchezo Moffat alipokea simu, akaongea hadi Fowsia akamaliza.

"Anza leo. Hapa hakuna mshahara, hakuna nauli, hakuna chai. Kuna ekspiriensi."

Akamsukumia fomu. Fowsia akasaini.

Stoo alimkuta Ngendo akikunja mavazi ya jukwaani. Ngendo alikuwa amemtangulia chuoni kwa mwaka mmoja, na waliishi hosteli moja. Sasa alikuwa na miaka ishirini na mitatu. Nywele zake zilikuwa nyeupe zote, na kila alipoinuka ilibidi ashike ukuta.

"Nimekuja wiki kumi na mbili tu," Fowsia alimwambia, kwa kuwa Ngendo alikuwa amemkazia macho.

"Hata mimi nilikuja wiki kumi na mbili. Lakini wakiandika mtu kazi, ni mimi. Usinikaribie."

Kila Jumamosi Fowsia alifundisha watoto thelathini kutembea kama wafalme na kuanguka bila kuumia. Jumamosi ya kwanza walimwita dada. Wiki ya tatu alipata mvi, wakaanza kumwita anti. Wiki ya tano alihitaji miwani ili kusoma maandishi. Ngendo aliificha miwani hiyo mara mbili, na mara ya tatu akaikalia. Wiki ya sita watoto walimwita mama. Moffat naye sauti ilianza kumkwaruza kama mvulana anayebalehe, akawa anaongea kidogo mikutanoni.

Wiki ya saba mwalimu Wambugu alikuja kutoka chuoni kumkagua. Alitazama kitambulisho, akamtazama Fowsia.

"Hii kitambulisho ni yako?"

"Ni yangu, mwalimu. Niko na miaka ishirini na mbili. Nilikuja hapa nikiwa naonekana hivyo."

"Mambo ya umri ni ya ofisi. Mimi naangalia daftari." Akaliangalia, akaona limejazwa vizuri, akatia sahihi.

Fowsia alienda moja kwa moja kwa Moffat. Hakubisha hodi.

"Nirudishie miaka yangu."

"Ulisoma fomu? Imeandikwa kujitolea. Ulifikiri unajitolea nini?" Moffat alikuna chunusi. "Ukiondoka leo barua hakuna. Na hiyo miaka haitarudi na wewe."

Fowsia alikaa wiki tano zaidi. Alimchukia kila siku, tangu anapofungua mlango hadi anapoufunga. Jumamosi ya mwisho wazazi walialikwa, na watoto wakaigiza mchezo aliowatungia, wa jitu linalokula siku za kuzaliwa za watoto wa jirani. Wazazi walimgeukia Moffat, aliyekaa mbele. Moffat alipiga makofi kuliko wote. Jumatatu aliuweka mchezo kwenye ripoti ya wafadhili na jina lake juu.

Barua ilitoka Ijumaa. Magdaline alikuwa ameandika Fauzia.

"Kurekebisha ni wiki ingine moja," alisema.

Fowsia akaichukua hivyo hivyo. Mlangoni Ngendo alimzuia kwa fimbo.

"Kiti yako umeacha?"

"Nimeacha."

"Basi ni yangu," Ngendo akasema, akaenda kukalia kiti hicho.

Mama yake, Faduma, alikuwa mnadani Nanyuki akikagua meno ya kondoo. Alikuwa na miaka arobaini na sita. Alimtazama binti yake, kisha akamrudishia mwenye kondoo kondoo wake.

"Walikushika kwa nguvu?"

"Nilisaini, hooyo."

"Usiniite hooyo mbele ya watu. Wataniuliza nilikuzaa lini." Faduma alijifuta mikono kwenye shuka, akalia kidogo. "Niite abaayo."

Tangu siku hiyo wafanyabiashara wa mnada walijua kwamba Faduma ameletewa dada yake, na wakamsalimu kwa heshima.

Mwezi Septemba Wambugu alipeleka wanafunzi wengine wanane kwa Moffat, kwa basi la chuo. Mwezi Desemba Fowsia alihitimu. Langoni bawabu aliwaona wanawake wawili wa rika moja, mmoja amebeba joho mkononi.

"Wazazi ni hema ile," akawaonyesha.

Faduma alifungua kinywa kumjibu, lakini Fowsia alikuwa ameshageuka kuelekea huko. Viti vya hema hilo vilikuwa na mito, na mgongo ulikuwa ukimuuma.