Plau ya Waasisi

Verna Goodfeather aliweka kiganja juu ya plau ya waasisi, baridi ya chuma ikampanda hadi begani.

Kila vuli chuo kilifungua mwaka namna hiyo. Mkuu wa wanafunzi huuliza, mwanafunzi mmoja wa mwaka wa kwanza hujibu kwa maneno yaleyale yaliyochapishwa kwenye ratiba ya sherehe, kengele ya mnara hupigwa, na masomo huanza. Safari hii walimchagua Verna, wa kwanza kupewa ufadhili kati ya Wadakota, wenyeji wa asili wa Amerika. Ardhi iliyo chini ya mnara, na mashamba yaliyouzwa kukijenga chuo, yote yalikuwa ya babu zake. Hilo halikuwamo kwenye jibu.

Asubuhi ya siku hiyo alimfuata mkuu huyo, Bwana Halvorsen, ofisini.

"Naomba ajibu mwingine, bwana."

"'Ilikuwa tupu.' Maneno mawili tu, binti. Na bibi yako nimemwekea kiti mbele kabisa."

"Siwezi kuyasema mbele yake."

"Basi usiyaseme." Alitabasamu. "Ufadhili wako una wengi wanaoumezea mate."

Sasa Bibi Orpha alikuwa pale mbele, amejitanda blanketi, mkate wa kukaanga aliomletea mjukuu wake ukiwa mapajani. Walipokuwa wakiingia uwanjani alimnong'oneza, "Mzungu akikuuliza, jibu haraka, mama. Kule shule ya bweni walikotupeleka kwa nguvu, sisi tuliochelewa kujibu tulichapwa, kisha tukafungiwa stoo ya makaa."

"Waasisi walipofika," Halvorsen aliuliza kwenye kipaza sauti, "ardhi hii ilikuwaje?"

Verna alifungua mdomo. Hakikutoka kitu. Watu wakaanza kukohoa na kugeuziana shingo. Mpiga kengele alikuwa ameshika kamba, anangoja. Halvorsen akarudia swali polepole, na sasa hakutabasamu.

Bibi Orpha akainuka. Mkate ukaanguka majanini. Alibana mikono ubavuni kama alivyofundishwa utotoni, macho chini, akajibu kwa sauti nyembamba ambayo Verna hakuwahi kuisikia.

"Ilikuwa tupu, bwana. Msimpige."

Uwanja ulilipuka kwa makofi. Waliokaa nyuma walisikia maneno mawili ya kwanza tu, na hayo ndiyo waliyokuwa wakiyangoja. Kengele ikaanza kulia, wanafunzi wakatawanyika kwenda madarasani, na bibi akabaki amesimama vilevile, akisubiri kuruhusiwa kukaa.