Punje ya Mwaka Themanini na Tano

Saa mbili asubuhi Bilha, mtunzaji wake, alimfunga mzee Amari mkanda wa gari, akamvalisha kofia, akahakikisha chupa ya maji na nepi mbili za akiba zimo mkobani, kisha akasubiri salamu.

"Shikamoo, dada Bilha," mzee akasema.

"Marahaba, mzee."

Salamu hiyo ilikuwa kichwa chini miguu juu, maana mzee alikuwa na miaka sabini na moja na Bilha arobaini na miwili. Lakini mwalimu wa masomo ya jioni, pale Washington, alimfundisha mzee kwamba shikamoo ni heshima, naye hakuona sababu ya kumnyima mtu heshima. Bilha alijaribu kumsahihisha, akaacha. Kiswahili ndicho kitu pekee kilichobaki kizima kichwani mwa mzee, kwa kuwa alijifunza akiwa na miaka hamsini, zamani baada ya kuacha kucheza mpira wa Kimarekani. Karibu yote yaliyoingia kabla ya hapo yalikuwa yameshatoka.

Aliyeendesha gari kutoka Bowie ni Ife, bintiye wa pekee, amevaa jezi ya kijani yenye namba ya baba yake, sitini na sita. Alikuwa ameokota Kiswahili kwa Bilha ili apate cha kuzungumza na mzee. Mwaka wa tatu sasa baba yake alikuwa akimwita mgeni. Alimkaribisha vizuri, akampisha kiti, akamuuliza kama safari ilikuwa njema. Ife alipata tiketi tatu za kutazama mazoezi ya timu ya zamani ya baba yake, na alitaka jambo moja tu, baba alitaje jina lake hata mara moja. Labda uwanja ungemkumbusha.

Kambi ilikuwa nje ya Woodbridge. Kwenye foleni mama mmoja aliyeitwa Dorothea aliwaambia, bila kuulizwa, kwamba mchezaji namba hamsini na nne ni kitinda mimba wake. Alikuwa amebeba kofia mpya ili kijana wake aitie sahihi. Jua la Julai lilikuwa halina adabu hata kidogo.

Wachezaji walijipanga wawili wawili. Filimbi ikalia, wakagongana vichwa, na kila walipogongana kitu kidogo kama punje ya haragwe kilidondoka kwenye nyasi. Mmoja alidondosha jina la mtaa aliokulia. Mwingine alidondosha harufu ya jikoni kwa nyanya yake. Mashabiki wakapiga makofi. Mfanyakazi wa uwanja akapita na reki na ndoo, akazizoa upesi, maana wachezaji huzikanyaga wakateleza.

"Kumbe ni hapa," Bilha akasema.

Beji ya mfanyakazi iliandikwa Ochieng, kwa hiyo Bilha alimfuata uzioni na kumsemesha kwa Kiswahili.

"Hizo mnazipeleka wapi, ndugu yangu?"

"Kwa store. Tuna-keep kwa madebe, kila mwaka na debe yake. Hawa watu hawatupi kitu."

"Na wenyewe hawarudishiwi?"

"Hakuna mtu amewahi ku-ask, madam."

Bilha akauliza. Aliomba debe la mwaka themanini na tano, wakati Ife alipokuwa na umri wa mwaka mmoja na mzee bado yuko uwanjani. Ochieng akalileta kwa toroli. Bilha akapiga magoti, akamwaga kidogo kidogo juu ya mfuniko na kuchambua, kama anavyochambua maharagwe ya Jumapili. Kila punje ukiishika unajua ni nini. Zilikuwamo siku za kuzaliwa, milango ya nyumba, sala za watu. Karibu na chini alilipata jina la Ife, limekauka na kukunjamana.

Akamwekea mzee kiganjani. Mzee aliitazama punje kwa muda mrefu. Ife alikuwa ameziba mdomo kwa mkono. Kisha mzee akageuka na kumpa Ife ile punje kwa mikono miwili.

"Mgeni, nadhani hii ni yako."

Ife akaipokea kwa mikono miwili. Bilha aliumia moyo hata akashindwa kumtazama, akaendelea kurudisha punje nyingine kwenye debe.

"Zikikauka haziingii tena," Ochieng akasema kwa sauti ya chini. "Lakini za leo, ukimrudishia mtu same day, zinaingia."

"Sasa mbona hamuwarudishii?"

"Practice itachelewa."

Akainua ndoo ya siku hiyo, akaenda nayo stoo.

Mazoezi yalipokwisha, wachezaji walikuja uzioni kuweka sahihi. Namba hamsini na nne, kijana mpole, alipokea kofia ya Dorothea na kumuuliza amwandikie nani. Mama alimtazama kidogo, kisha akamtajia jina lake herufi moja moja. Kijana akaliandika vizuri, akamshukuru kwa kuja.

Wakati wa kurudi, barabara ya 95 ilikuwa imesimama. Ife alishika usukani kwa mkono mmoja, wa pili ameufumba, punje imo ndani.

"Mgeni," mzee akasema kutoka nyuma, "samahani, sikukuuliza jina."

"Naitwa Ife."

"Jina zuri sana. Nani alikupa?"

"Baba yangu."

Mzee akaridhika. "Ukifika nyumbani, msalimie."

Ife akamwambia salamu zimefika.