Bati Moja la Mkunga

Mwalimu alifundisha hesabu miaka thelathini na mmoja. Binti yake alikuwa fundi bati. Siku binti alipofeli mtihani, baba alimwambia mbele ya wageni, "Hesabu zimekushinda, basi kagonge mabati." Akaenda kweli, akagonga, akawa hodari. Miaka kumi na miwili baba hakukanyaga karakana ya binti, mpaka kiharusi kilipomnyang'anya ulimi na mkono wa kulia. Hakuwa na mwingine wa kumuuguza. Kila asubuhi binti alimkalisha kando ya meza ya kazi, kibao cha chaki mapajani.

Siku moja mkunga wa zahanati alileta bati la chuma kisichoshika kutu. Wodi ya wazazi ilihitaji tangi la mviringo, kipenyo sentimita sitini, kimo mia moja.

"Fundi, bati ni hili tu," alisema. "Likiharibika, hatuna jingine. Juzi tumemwosha mtoto mchanga kwa maji ya kikombe."

Alipoondoka, baba aliandika kwa mkono wa kushoto, tarakimu zikipanda na kushuka. Ubavu: pai mara kipenyo mara kimo. Kisha miduara miwili, ya juu na ya chini. Akajumlisha: 24,504. Bati lenyewe, 244 kwa 122: 29,768. Akaandika, "Linatosha. Linabaki."

Fundi alikwisha kupima kwa utepe. "Halitoshi, baba."

Baba akagonga kibao kwa hasira.

"Hesabu yako ni sahihi. Lakini ubavu ukiukunjua, pamoja na pindo za kuungia, unakula kama mia na tisini. Kinachobaki upande huu hakifiki hata hamsini na tano. Mduara wa sitini nitaukata wapi? Eneo lipo, ila limetawanyika vipande vipande."

Akampa ncha ya utepe. Mzee akainama, akaangalia, akaangalia tena. Akafuta kibao chote kwa kiganja.

Saa nzima ikapita. Fundi hakumharakisha. Hatimaye baba akamsogezea kibao: "Kipenyo 57. Kimo 111. Maji ni yale yale."

Fundi akachora kwa chaki juu ya bati. Ubavu ukakaa, miduara ikapangana mmoja juu ya mwingine kwenye kipande cha pembeni, na nafasi ya pindo ikapatikana. Akashika mkasi. Baba akalilalia bati kwa kiwiko kizima, lisiteleze.

Tangi lilijazwa wodini wiki iliyofuata. Halikuvuja hata tone.

Mwezi haukuisha, mwalimu akafariki. Hakuwa ameandika neno la kuomba radhi, wala binti hakulidai. Msibani watu walisimama mmoja mmoja kuwataja wanafunzi aliowafaulisha, wahandisi na madaktari. Zamu ya binti ilipofika, alisimama.

"Mimi na baba tulitengeneza tangi," alisema, akakaa.