Kitinda wa Kwenye Picha

Vazi la Kitinda halina zipu. Ukitaka kulivaa, lazima mtu akushonee humo ndani, mgongoni, kuanzia kiunoni mpaka shingoni, kwa sindano ndefu na uzi mweusi. Ukitaka kulivua, lazima mtu aje akufumue. Nililitengeneza hivyo kwa makusudi. Katika katuni tunayoipenda, Kitinda hana mwanya popote mwilini, na zipu hata uifiche vipi, kwenye picha inajionyesha tu.

"Basi mimi ndiye nitakayekushonea," Kipusa aliniambia siku nilipomwonyesha mgongo wa vazi. "Ukinikorofisha nakuacha humo humo. Utalala nalo, utaenda nalo sokoni."

Nilimfundisha mshono wenyewe tukiwa tumekaa sakafuni kwenye chumba cha Shangazi cha kushonea, kwa kutumia kipande kilichobaki cha foma, ile sponji ngumu ya mikeka ya mazoezi. Alijichoma kidole, akakinyonya, akajaribu tena. Mpaka jioni alikuwa ameuweza. Ulikuwa mshono wa mtoto, umepinda hapa na pale, lakini ulishika.

Kipusa ndiye aliyeniingiza katika mambo haya. Alikuja kwa Shangazi kupunguza sketi, akanikuta kwenye cherehani napiga pindo za sare za shule, simu nimeiegemeza kwenye kopo la vifungo. Nilikuwa natazama ile katuni ya dada watatu, Mkubwa, wa Kati na Kitinda, wanaolinda lango la mji wa chumvi. Nilitaka kuizima, akanishika mkono.

"Na wewe unaiangalia?"

Nilitikisa kichwa kukubali.

"Uko wapi? Mkubwa ameshavunjika upinde?"

"Bado," nikasema. Hilo ndilo neno nililompa siku ile, moja tu. Lakini aliporudi kuchukua sketi yake alikuwa na wenzake wawili wa chuoni: Pipi, ambaye angeweza kumsifia hata mtu anayemkanyaga mguu, na Miwani, aliyekuwa na kamera ya kuazima. Wakaniuliza kama naweza kushona koti lenye mabega yaliyosimama. Nikasema naweza. Nilikuwa sijawahi.

Hivyo ndivyo nilivyoijua kosplei, kuvaa kama watu wa kwenye katuni na kupigana picha. Nilijifunza kuikunja mikeka ya mazoezi kwa joto la draya ya nywele mpaka ikawa deraya, kuigandisha kwa gundi ya moto, kuipuliza rangi ya chuma. Walikuja kila Jumamosi. Wao walikata, wakapaka, wakabishana, mimi nilishona. Waliniita Kimya na sikuchukia, maana walilitamka kama jina la mtu wanayemtaka awepo.

Tulikuwa na sheria moja. Ukishavaa vazi, jina lako linabaki mlangoni. Mpaka utakapolivua unaitwa jina la mhusika, na unaitika hilo tu. Anayekosea anabebeshwa mizigo yote kurudi nyumbani. Pipi alibeba mara nyingi, maana kila alipoitwa na mama yake kwenye simu alijisahau.

Mwanzoni nilivaa kofia ya askari wa lango, ile iliyofunika uso mzima. Na humo ndani, sijui niseme nini, maneno yalikuwa yananitoka. Siku moja tukipiga picha kwenye maegesho ya magari, mlinzi akaja kutufukuza na rungu lake. Wenzangu wote wakanywea. Mimi nikasogea mbele na mkuki wangu wa bomba la maji, nikamwambia, "Afande, mlinzi kwa mlinzi tunaelewana. Wewe linda magari, mimi nalinda hawa, zamu ikiisha tunabadilishana." Mlinzi alicheka mpaka akaketi kwenye tofali. Njia nzima ya kurudi Kipusa alinishika mkono akirudia, mlinzi kwa mlinzi, mlinzi kwa mlinzi. Sijawahi kufurahi kama siku ile.

Shangazi hakuvutiwa. Nilipomwonyesha picha za siku hiyo aliisogeza simu karibu, akaisogeza mbali.

"Huyu ni Kipusa. Huyu yule mwenye maneno matamu. Wewe uko wapi?"

Nilimwonyesha nyuma kabisa, nusu ya kofia.

"Hii ni wewe au ni ndoo?"

"Ni mimi, Shangazi."

"Mwanangu," akasema akirudi kwenye kazi yake, "hao ni wateja. Tofauti yao na wateja wengine ni kwamba hawa wanakuita rafiki. Siku utakayokaa katikati ya picha kama wao, njoo unionyeshe, nitakula maneno yangu."

Nikairudisha simu mfukoni. Lakini neno hilo halikuniacha. Nililala nalo na kuamka nalo.

Kwa hiyo walipoamua kuwaigiza dada watatu wenyewe, na Pipi akasema, "Kitinda awe Kimya, huyu amezaliwa na barakoa usoni," moyo wangu uliruka. Kipusa angekuwa Mkubwa, Pipi wa Kati, Miwani kwenye kamera. Na Kitinda ndiye anayesimama katikati kila mara, dada zake wawili wamemkinga huku na huku, kwa sababu ndiye mwenye ufunguo wa lango.

Nililishona vazi lile kwa mwili wangu. Bega langu la kulia limeshuka kidogo kwa sababu ya cherehani, basi na bega la vazi nikalishusha, nikaliongezea foma lionekane sawa. Barakoa niliipima kwa uso wangu, nikiukandika karatasi na unga mpaka Shangazi akaniuliza kama nimeshaanza kujizika.

Wiki ya kupiga picha, Kipusa akaja na habari. Kuna mpiga picha mwenye ukurasa unaotazamwa na watu wengi sana wa kosplei. Ameona vipande vya mavazi, anataka kutupiga yeye mwenyewe, kwenye lile jengo la ghorofa lililoachwa bila kumaliziwa nyuma ya kituo cha mafuta. Pipi alipiga vigelegele. Miwani alisema ni sawa, yeye atashika taa, ila alisafisha miwani yake muda mrefu kuliko kawaida.

Asubuhi ya siku hiyo nilitangulia kufika, na mavazi yote matatu kwenye mifuko ya sare. Ghorofa ya pili kulikuwa na nguzo tupu na mwanga mzuri uliokatiza kwenye vumbi. Nikayapanga: vazi la Mkubwa, la wa Kati, la Kitinda. Nikatia uzi kwenye sindano ndefu na kuichomeka kwenye mkono wa blauzi yangu, tayari kumpa Kipusa.

Kipusa alipanda ngazi na msichana mwingine. Mrefu, shingo kama ya kwenye matangazo ya mafuta ya ngozi.

"Huyu binamu yangu," akasema. "Binamu, huyu ndiye Kimya, fundi wetu niliyekuambia."

Fundi. Hakuwahi kuniita hivyo mbele yangu. Nilimsalimu binamu, akanisalimu kwa adabu, mtu mzuri tu.

Kipusa akanivuta kando ya nguzo. "Sikia, mpenzi. Usinielewe vibaya. Mpiga picha anasema Kitinda inabidi awazidi dada zake urefu, au angalau awafikie. Ukisimama katikati yetu picha inabonyea pale kati."

"Kwenye katuni Kitinda ni mfupi," nikasema.

"Kwenye katuni ndiyo. Kwenye picha ni mambo mengine. Halafu fikiria, ukiwa umeshonewa humo ndani, likikatika kitu nani atatutengenezea? Pipi?"

"Nimesikia," Pipi akasema kutoka kule alikokuwa anajipaka wanja. "Na ni kweli. Kimya wangu, wewe ni roho ya kundi. Roho haionekani."

"Isitoshe uso umefunikwa," Kipusa akasema. "Nani atajua ni nani?"

Hapo nilikuwa na jibu. Kama hakuna atakayejua ni nani, kwa nini nisiwe mimi? Lilikuwa limekamilika kinywani, maneno yote yamepangana. Lakini nilikuwa sijafunikwa uso. Nilimtazama Miwani. Alikuwa anakunjua waya wa taa, ametugeuzia mgongo.

"Utamshonea?" Kipusa akauliza. "Mimi mshono wangu unajua mwenyewe ulivyo, utaonekana."

Nikachomoa sindano kwenye mkono wangu wa blauzi.

Binamu alisimama akiwa ameinua nywele zake juu, nami nikamshona. Nilianza kiunoni. Foma ilikuwa fupi kwake, ikabidi niivute. Kila nilipopitisha uzi nilisikia joto la mgongo wake, na nikafikiri juu ya kitu cha kipuuzi: kwamba mimi sijui mtu anayeshonewa ndani ya vazi anahisi nini. Nimewashonea wengi nguo, lakini mimi hakuna aliyewahi kunishonea.

"Nisamehe kama nakusumbua," binamu akasema. "Hii katuni kwa kweli sijaiona. Huyu mtu anafanya nini?"

"Analinda ufunguo."

"Aa. Haongei?"

"Haongei."

"Basi rahisi," akasema, akacheka kidogo.

Nilimfunga barakoa. Alipogeuka, nilimwona Kitinda mzima amesimama kwenye mwanga ule, mbele yangu, na alikuwa mzuri kuliko nilivyowahi kumwona kichwani mwangu. Hilo ndilo lililoniuma.

Mpiga picha alifika, mtu wa haraka haraka, hakusalimia zaidi ya mara moja. Akawapanga. Mimi nikakaa kwenye mfuko wa saruji iliyoganda, na mkasi, gundi na pini miguuni. Kipusa akanyoosha upinde wake, akaigiza sauti nzito ya Mkubwa, kama tulivyozoea:

"Kitinda, uko tayari?"

"Niko tayari, dada."

Mimi ndiye niliyeitika.

Ilitoka yenyewe, kwa ile sauti yangu ya ndani ya kofia, kubwa, ikagonga nguzo na kurudi. Kwa majuma mengi walikuwa wameniita hivyo kila nilipolijaribu vazi, mgongo ukiwa bado wazi, na nilikuwa nimezoea kuitika bila kufikiri. Mpiga picha akashusha kamera. Kisha Pipi akaanza kucheka, Kipusa akafuata, hata bega la binamu nikaliona linatikisika ndani ya ile foma niliyoiongeza.

"Siyo wewe," Kipusa akasema akijifuta machozi ya kicheko asiharibu wanja. "Jamani, Kimya. Siyo wewe."

"Na atabeba mizigo," Pipi akasema. "Sheria ni sheria."

"Huyo msichana atoke nyuma, kivuli chake kinaingia," mpiga picha akasema.

Nikahamisha mfuko wa pini, nikakaa kwenye ngazi. Kutoka pale nilisikia kamera tu.

Walipomaliza niliwasaidia kuvua mmoja mmoja, nikamfumua binamu mgongoni. Binamu alinishukuru. Miwani alinisogelea nikikunja mavazi, akasema taratibu, "Ningesema kitu, ila na mimi kamera wamenipokonya." Nikamwambia si kitu. Mizigo niliibeba yote, kweli, kwa sababu wao walikwenda kula na mpiga picha na gari lake lilikuwa na nafasi kwa wanne.

Picha zilitoka katikati ya wiki. Ile kubwa iliwaonyesha watatu chini ya zege, vumbi limesimama kwenye mwanga, na Kitinda katikati. Watu wengi waliipenda, na karibu wote walimsifu yeye. Chini waliandika Mkubwa, wa Kati, Kitinda. Mavazi hawakuandika yametoka wapi. Kipusa alinitumia na ujumbe: "Umeona tulivyopendeza?" Akaweka na mioyo.

Nilikuwa bado naitazama nilipohisi pumzi ya Shangazi begani. Alikuwa amevaa miwani yake ya kazi, tepu shingoni, na mteja mmoja, mama wa sare za mapacha, alikuwa amekaa kwenye benchi akisubiri.

"Lete," Shangazi akasema, akaichukua simu. Aliitazama muda mrefu. "Hili lenye barakoa ndilo vazi ulilokuwa unajizika nalo."

"Ndilo."

"Na huyu wa katikati…" Hakumaliza. Alinitazama juu ya miwani. Sijawahi kumwona ananitazama hivyo, kama mtu anayetaka kuomba radhi na hajui pa kuanzia. "Ni wewe?"

Uso ulikuwa umefunikwa. Nani atajua ni nani?

"Ni mimi, Shangazi."

"Mbona umekuwa mrefu?"

"Viatu."

"Ahaa." Akaisogeza simu karibu, akaisogeza mbali. Kisha akampelekea yule mama kwenye benchi. "Mwone mtoto wangu. Huyu wa katikati. Nilikuwa namwambia wale wasichana wanamtumia tu. Mtu mzima kumbe naropoka."

"Huyu ndiye huyo?" yule mama akauliza, akinitazama mimi, kisha picha, kisha mimi. "Huyu mwenye aibu?"

"Huyo huyo. Simama, mwanangu. Simama kama ulivyosimama pale, mama aone."

"Shangazi, nina pindo hapa."

"Pindo halikimbii. Simama."

Nilisimama kando ya cherehani. Nikaweka mguu mmoja mbele, kama binamu alivyoweka. Nikanyoosha shingo, nikainua kidevu, nikajaribu kuinua na lile bega la kulia. Mama wa mapacha alinitazama kwa makini, simu mkononi, akilinganisha.

Shangazi aliinamisha kichwa upande, akasogea, akanirekebisha mkono kama anavyorekebisha nguo ya mteja, akarudi nyuma kutazama tena.

"Sivyo," akasema kwa upole. "Pale ulisimama vizuri zaidi."