Video Zote, Isipokuwa za Rukia

Jumanne asubuhi, kabla hajafungua gunia hata moja, Mwantum alikuwa ameshaijaribu simu yake mara tano. Kila mara kile kiduara kilizunguka katikati ya kioo, kikazunguka weee, kisha yakatokea maneno yaleyale: Hakuna muunganisho wa intaneti. Jaribu tena.

Alikuwa na meza ya nafaka katika soko la Majengo, Dodoma. Aliuza mtama, uwele na dengu. Wenzake pale sokoni walimwita Mama Asma, ingawa hakuna aliyewahi kumwona huyo Asma. Mtoto alikuwa Kondoa kwa baba yake. Hamidu alimchukua akiwa na miaka minne, wiki moja baada ya kumpa Mwantum talaka, na tangu siku hiyo hakupokea simu yake. Mwantum alikwenda Kondoa mara mbili, na mara zote mbili akaishia mlangoni. Mara ya pili aliyemtokea alikuwa mama yake Hamidu. Alimwambia, tena bila hasira, kwamba mtoto ameshaanza kusahau, basi amwache asahau vizuri.

Sasa Asma alikuwa na miaka minane. Kama Mwantum alijua mwanawe amefika kimo gani, amesukwa mtindo gani na yuko darasa la ngapi, ni kwa sababu ya mke mpya wa Hamidu. Mke huyo, Rukia, alikuwa fundi cherehani, na alikuwa na mazoea ya kurekodi video fupi za magauni anayoshona na kuzirusha mtandaoni ili apate wateja. Miaka miwili nyuma, mteja mmoja kutoka Kondoa alisimama mezani kwa Mwantum akipimiwa dengu, akamwonyesha moja kwenye simu yake. Nyuma ya gauni la kijani, kwa sekunde mbili hivi, alipita mtoto amebeba sahani.

Siku hiyohiyo Mwantum alipakua ile programu, akajiandikisha bila picha na bila jina, akamfuata Rukia.

Mwanzoni Asma alionekana kwa bahati tu: mguu mlangoni, au sauti ikimwita kuku. Baadaye akawa anakaa mbele kabisa, ameshika utepe wa kupimia au anachambua vifungo. Siku nyingine hata magauni yalisahaulika, likaonyeshwa daftari lake la hesabu au pengo la jino. Mwantum alizitazama video hizo chakula cha mchana kikipoa pembeni. Hakuwahi kuandika neno, hakuwahi kubonyeza hata ile alama ya moyo. Aliogopa kidole chake mwenyewe.

Isipokuwa Jumapili. Katika video ya Jumapili mtoto alikuwa ameshika pindo la gauni, akakohoa. Kikohozi kizito, cha kifuani. Mwantum alikirudia mara kumi. Kisha, kabla hajafikiri, akaandika chini yake: "Asma akikohoa hivyo mpakeni mafuta ya ufuta ya vuguvugu nyayoni, mvalisheni soksi. Asinywe maji ya mtungi." Akatuma.

Jumatatu simu yake iliisha chaji kabisa ikazima, na umeme ulikuwa umekatika nyumbani. Alikuja kuichaji usiku. Jumanne ndiyo ikaanza hadithi ya kiduara.

Kila mtu sokoni alikuwa na dawa yake. Aliambiwa abonyeze alama ya ndege, ahesabu mpaka kumi, aitoe. Akafanya. Aliambiwa achomoe laini, aipanguse, airudishe. Akafanya. Aliambiwa bando limeisha, akanunua jipya. Aliambiwa asogee barabarani, kwamba mabati ya soko yanazuia mtandao, akasimama barabarani juani ameinua simu juu, bodaboda zikimkwepa. Hakuna muunganisho. Jaribu tena.

Jumatano alikwenda kwa Erica.

Erica alikuwa fundi simu, binti wa Kigogo kutoka Ihumwa, mwenye kibanda cha kioo nyuma ya maduka ya viatu. Alikuwa mpole, na hakuwa na tabia ya kumcheka mteja. Aliipokea simu, akaigeuza, akaingia kwenye mipangilio.

"Dada, leo ni mwaka gani?"

Mwantum akamtazama. "Unaniuliza mimi?"

"Simu yako inasema ni mwaka 2015." Erica alitabasamu. "Ilizima kabisa, siyo? Saa yake imerudi nyuma. Hizi programu za video zikiona tarehe ya uongo zinakataa kuunganishwa. Hata ungenunua bando la mwaka mzima."

Alirekebisha tarehe, akazima simu, akaiwasha. Video zikafunguka papo hapo: mtu anafukuzwa na mbuzi, kwaya imevaa sare za zambarau, mama anakaanga vitumbua. Mwantum akacheka kwa sauti, akashika mkono wa Erica.

"Mungu akuweke, mdogo wangu! Siku mbili hizi sijala."

"Kwa ajili ya video?"

"Kwa ajili ya mmoja tu." Akaandika jina la Rukia kwenye sehemu ya kutafutia.

Hakuna kilichotokea. Akaandika tena, herufi moja moja. Akaunti haikupatikana.

Erica akaichukua tena simu. Alisafisha kumbukumbu ya programu. Akaiwekea toleo jipya. Akaifuta kabisa na kuipakua upya. Kila alipomaliza, mbuzi alirudi, na kwaya ikarudi, lakini Rukia hakuonekana.

"Labda amejiondoa mtandaoni," alisema Erica. "Ngoja niangalie kwangu."

Kwenye simu ya Erica, Rukia alikuwepo. Magauni yake yote yalikuwepo, zaidi ya video sabini, na ya mwisho ilikuwa imewekwa jana yake. Erica akaiweka simu mezani taratibu. Alikuwa ameshajua.

"Dada, kuna kitu ulimwandikia?"

Mwantum akamweleza yote, kuanzia talaka mpaka mafuta ya ufuta. Alieleza harakaharaka, kama mgonjwa anayemharakisha daktari ili apewe dawa.

"Simu yako haina tatizo tena," alisema Erica. "Mtandao nao uko sawa. Amekubloku, dada. Amekufungia usimwone."

"Na hiyo inatengenezwaje?"

"Haitengenezwi huku. Inatengenezwa kwake."

Mwantum alikaa kwenye kiti cha plastiki cha wateja. Mteja alikuja kuulizia kava la simu, akahudumiwa, akaondoka. Erica akajitolea kumfungulia akaunti nyingine kwa jina lingine. Mwantum akatikisa kichwa. Alisema amechoka kumchungulia mwanawe kama mwizi.

"Basi nimwandikie mimi," alisema Erica. "Kwa akaunti yangu. Nimwambie nini?"

"Mwambie mama yake Asma anaomba radhi. Mwambie sitaandika tena." Akafikiri. "Na umwekee namba yangu."

Simu iliita Alhamisi baada ya adhuhuri, Mwantum akiwa anapepeta dengu.

"Assalamu alaykum, dada Mwantum. Mimi Rukia."

Ungo ulimtoka mkononi. Alijibu salamu, akaanza kumwomba radhi.

"Usiniombe radhi," alisema Rukia. Alikuwa ananong'ona. "Mimi nilijua ni wewe tangu mwaka juzi. Nilikuwa na wafuasi arobaini tu. Mmoja hana picha, hana jina, ana tarakimu tu. Na katika dunia nzima alikuwa anamfuata mtu mmoja, mimi. Nani mwingine angekuwa?"

"Ulijua?"

"Ndiyo maana nikaanza kumweka mbele. Lile daftari la hesabu nililifungua ili ulione. Jino lilipong'oka nikamwambia atabasamu. Zile hazikuwa za wateja, dada. Nani ananunua gauni kwa sababu ya pengo la mtoto?"

Mwantum alikaa chini, juu ya dengu zilizomwagika. Miaka miwili alimchukia mwanamke huyu kila siku ya Mungu, kila alipoona mkono wake ukimrekebishia Asma ushungi.

"Sasa kwa nini umenifungia?"

"Jumapili simu yangu alikuwa nayo Hamidu. Mimi sijawahi kulitaja jina la mtoto kwenye video, hata mara moja. Akaona mtu kaandika Asma. Akaniuliza, huyu kamjuaje? Halafu akafika kwenye mafuta ya ufuta, akajua ni wewe." Rukia akazidi kushusha sauti. "Aliyebonyeza ni mimi, lakini yeye alisimama juu ya kichwa changu. Na amesema zote zenye mtoto zifutwe kabla ya swala ya kesho. Nitaanza saa tisa alasiri, kabla hajarudi kutoka shamba. Siwezi kumdanganya, atakagua. Zitazame sasa hivi, dada. Kama unaye wa kukuhifadhia, akuhifadhie."

"Kikohozi je?"

"Kimepungua. Nilimpaka." Simu ikakatika.

Ilikuwa saa nane na dakika ishirini. Mwantum aliiacha meza wazi na mizani juu yake, akakimbia mpaka kibandani. Erica aliposikia, aliwaomba wateja wawili warudi baadaye, akashusha pazia.

"Tuanze na zipi?" aliuliza Erica. "Mtandao saa hizi ni mzito. Hatuwezi kuzimaliza zote."

Mwantum aliangalia zile picha ndogondogo zilizojipanga kwenye kioo. Alionyesha moja, akasema hapana, ile. Kisha akasema hapana, kwanza ile ya sikukuu. Hakuweza kuchagua. Dakika zilikwenda. Mwishowe Erica akaacha kumuuliza, akaanza na aliyoiona ya kwanza. Kila moja ilijaa polepole, asilimia kumi, asilimia ishirini, ikisimama, ikiendelea. Wakati mwingine iligoma katikati, wakaianza upya. Mwantum hakuitazama hata moja. Alitazama zile asilimia tu.

Saa tisa na dakika tano Erica alibonyeza video ya Asma amekaa kizingitini anakula ubuyu, midomo imekuwa myekundu. Kioo kikawa cheusi. Video hii haipatikani.

"Ameanza," alisema Erica.

Wakajaribu ya jirani yake. Ilikuwepo, ikafika nusu, ikatoweka. Wakajaribu nyingine. Kule Kondoa, Rukia alikuwa anafuta moja baada ya nyingine, na huku wao walikuwa wanamfuata nyuma. Saa kumi kasoro robo yalibaki magauni matupu yaliyotundikwa ukutani.

Walikuwa wamepata kumi na moja. Ya jino haikuwemo.

Erica alizihamishia kwenye simu ya Mwantum, akakataa malipo. Mwantum aliaga, akatoka, akasimama mlangoni kama mtu aliyesahau njia ya kurudi kwake.

Zikapita wiki sita. Siku moja Rukia akapiga kwa namba ngeni. Alisema Jumamosi angekwenda Kondoa mjini kununua vitambaa, na Asma angekuwa naye. Alitaja duka na saa.

"Lakini dada, kuna jambo. Mtoto ana maneno mengi. Akifika nyumbani atasimulia kila aliyemwona. Nitamwambia wewe ni mama mkubwa, mgeni kutoka mbali. Utaweza?"

Mwantum alisema ataweza.

Alifika Kondoa mapema mno, akasubiri kando ya duka hilo saa mbili nzima. Walipotokea, alimtambua Asma kwa mwendo kabla ya sura. Alikuwa mrefu kuliko kwenye simu. Alikuwa na kovu dogo juu ya nyusi ambalo hakuna video iliyowahi kulionyesha.

"Asma, msalimie mama mkubwa," alisema Rukia.

"Shikamoo, mama mkubwa."

"Marahaba," alijibu Mwantum.

Rukia akajifanya anachagua vitambaa. Alichagua muda mrefu sana, mpaka mwenye duka akaanza kuchoka. Mwantum alimuuliza Asma habari za shule, na Asma akamweleza kwamba yeye ni wa tatu darasani, wa kwanza anaibia. Alikuwa anaongea huku anachezea pindo la kanga ya Mwantum, anaikunja, anaikunjua. Kisha akainua uso.

"Mama mkubwa, na wewe una watoto?"

"Ninaye mmoja."

"Yuko wapi?"

"Yuko kwa baba yake."

"Anaitwa nani?"

Rukia aligeuka haraka, kitambaa mkononi. "Asma, twende, jua linakwenda. Muage mama mkubwa."

Asma akaaga. Mwantum akamshika kichwa kwa mikono yote miwili, juu ya ushungi, kama mtu anayemwombea dua mtoto wa jamaa, akamwachia. Rukia alimkumbatia Mwantum, akamwambia sikioni kwamba akipata nafasi nyingine atapiga. Wote wawili walijua hakuwa na hakika nayo. Kisha wakavuka barabara. Mtoto alipunga mkono mara moja, akavutiwa na viatu vilivyotundikwa dirishani mwa duka la pili, hakugeuka tena.

"Mama, nikukatie mita ngapi?" mwenye duka aliuliza. Aliuliza mara mbili, kisha akamwacha.

Jumatatu Mwantum alifungua meza yake kama kawaida. Wenzake walimuuliza alikuwa wapi siku zote mbili, akawaambia alikwenda Kondoa kumwona mwanawe.

"Hajambo?"

"Hajambo," alisema. "Amekua."

Kisha akainama nyuma ya magunia kutafuta kipimo cha mtama, na hakuinuka mpaka mteja wa kwanza alipokata tamaa, akaenda meza ya pili.