Simu ya Kampuni

Sauti ya Bimdogo ilikuwa ya kwanza, kama kila asubuhi. "Fathiya mwanangu, umeamkaje? Mapazia yangu yameingia kwenye kontena, au bado yamelala chini kama mimi na mgongo wangu?"

Fathiya alimsikiliza akiwa amesimama katikati ya marobota, utepe wa kupimia ukining'inia shingoni. Akacheka peke yake, kisha akabonyeza kujibu. "Shikamoo mama. Mapazia yameingia jana. Mgongo ndio sikuupakia."

Hiyo ndiyo iliyokuwa kazi yake katika ghala hili la kargo, nyuma ya maduka ya jumla ya Zhanqian Road: kupima mizigo, na kuwajibu kwa sauti wateja wa Unguja na Dar. Wengi wao hakuwahi kuonana nao. Lakini majirani zake hapa Guangzhou, China, hawakujua hata jina lake, na zilikuwepo Jumapili ambazo mtu pekee aliyemuuliza kama amekula alikuwa Bimdogo, muuza mapazia wa Darajani.

Hajairudisha simu ya kampuni mfukoni, Sufian akamwita ofisini. Sufian alikuwa Mtanzania mwenzake, msimamizi wa ghala, na ndiye aliyetumwa kila laoban, bosi wao Mchina, alipokuwa na neno ambalo hakutaka kulisema mwenyewe.

"Kaa, dada'angu. Mambo yamebana. Bei ya kontena inapanda kila wiki, wateja wanapungua. Laoban anapunguza watu."

"Na mimi nimo?"

"Umo. Lakini hajakutupa, amekupa uchague. Chukua kiinua mgongo leo, mkupuo, tuagane. Au chukua posho, nusu mshahara kila mwezi kwa miezi sita, huku unatafuta kazi nyingine. Posho ukiijumlisha inazidi. Mimi ningechukua posho."

Fathiya alipiga hesabu kichwani. Posho ilikuwa inazidi kwa mbali. Ingelipa kodi ya chumba, na kidogo kingevuka kwenda Kikwajuni kwa mama yake, ambaye hakuwa na mwingine wa kumtumia.

"Na kibali changu cha kukaa?"

"Kibali kinafuata kazi. Kazi ikiisha, kampuni inaripoti, unapewa muda mdogo wa kufunga virago."

"Sasa hiyo posho ya miezi sita nitaipokea nikiwa wapi?"

"Hapa hapa. Sharti uje mwenyewe kila mwezi, waone bado huna kazi."

Fathiya alimtazama. "Yaani asiye na kazi analipwa akiwepo, na asiye na kazi haruhusiwi kuwepo?"

Sufian alikuna kidevu. "Ukilisema hivyo linakuwa baya."

"Wewe ungelisemaje?"

Sufian akageukia dirishani. Nje, mashine ya kufungia marobota ilikuwa inakoroma.

"Basi nipe kiinua mgongo," Fathiya alisema.

"Kitaingia kwenye simu yako binafsi, sasa hivi. Ila hiyo ya kampuni inabaki, na WeChat inabaki ilivyo. Jina, picha, kila kitu."

Akaunti iliitwa Dada Fathiya Kargo. Pichani alikuwa yeye, na mtandio wake wa buluu, anacheka.

"Jina langu mtalifanyia nini?"

"Wateja wamelizoea. Kijana wa Kichina atakuwa anawajibu kwa maandishi, mashine inamtafsiria."

"Niache nimuage Bimdogo. Yeye tu."

"Ukimuaga atakufuata utakakokwenda, na wenzake nyuma yake. Ukiaga hata mmoja, laoban anazuia pesa. Usiniponze, dada'angu."

Fathiya alimfikiria mama yake. Akaiweka simu mezani. Haijapoa joto la kiganja chake, ikatetemeka: ujumbe mwingine wa sauti. Sufian akaigeuza kifudifudi.

Pesa ziliingia kabla hajafika barabarani. Wanunuzi walikuwa wanasukuma vitoroli vya nguo, wanapiga kelele za bei. Fathiya alisimama pembeni akaitazama simu yake mwenyewe. Namba ya Bimdogo haikuwamo. Miaka yote ile ilikuwa imebaki kule mezani.

Akajitafuta kwa jina. Akajikuta, anacheka na mtandio wa buluu. Akaomba urafiki, akakubaliwa papo hapo.

Aliandika: "Tafadhali mwambie Bimdogo wa mapazia kuwa Fathiya ameondoka. Anamsalimu sana."

Jibu halikukawia. "Dada Fathiya yupo, mpendwa mteja. Mzigo wako una kilo ngapi?"

Watu walimpita kulia na kushoto. Alibonyeza kitufe cha sauti, akaisogeza simu mdomoni.

"Mimi ndiye Fathiya," alisema.

Hakuna aliyejibu. Akasema tena, kwa sauti kubwa zaidi, mpaka mwanamke mmoja aliyekuwa anavuta robota akasimama na kugeuka kumtazama.